Mvinyo Nilioutema

Kazi yangu ni kuonja chai. Nimeifanya miaka mingi katika kiwanda kimoja cha upande wa Konoin, ambako baridi ya msitu wa Mau huteremka alfajiri na kukaa juu ya majani hadi saa nne. Watu wakisikia kazi yangu hucheka. "Hata mimi naonja chai kila asubuhi," husema. Nawaacha wamalize kucheka, kisha nawaeleza. Kila siku nasimama mbele ya meza ndefu iliyopangwa mabakuli meupe, na kila bakuli lina chai iliyopimwa sawa na kukaa kwenye maji moto dakika zile zile, bila maziwa, bila sukari. Nachota kijiko kimoja, naifyonza kwa kishindo mpaka itawanyike mdomoni kama manyunyu, kisha natema kwenye ndoo na kusogea kwa bakuli linalofuata. Kufikia hapo nimeshajua kama majani yalichelewa njiani, kama yalisagwa kabla hayajanyauka vizuri, kama fundi wa mashine ya kukausha alizidisha moto.

Chuoni nilifundishwa majina ya vitu hivi. Pua yenyewe nilikuwa nayo tayari, na nilipewa na mama.

Mama ana shamba dogo la majani Kimulot. Nilipokuwa msichana tulichuna pamoja, mimi mstari wangu na yeye wake, na kabla ya kupeleka mzigo kwenye kituo cha kununulia alikuwa na desturi moja. Alizamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi ya majani kutoka katikati, akayanusa, kisha akanipa.

"Nusa. Haya yameanza kulala."

Majani yakibanwa gunia hupata joto, na yakipata joto huanza kunukia kama tunda lililoiva na kupitiliza. Harufu yenyewe mwanzoni ni ndogo sana. Mama aliipata kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliyamwaga yote chini kwenye kivuli, akayatandaza yapoe, akatupa yaliyoharibika, hata siku ambazo tungechelewa kituoni. Siku moja nilimwambia kwamba karani hangejua.

"Karani hajui," alisema. "Lakini mimi najua."

Mvinyo uliingia maishani mwangu kwa sababu ya kikombe cha chai. Kiwanda kilikuwa na wageni, wanunuzi kutoka ng'ambo, nasi tukawapeleka chakula cha mchana katika hoteli moja mjini Kericho. Chai ilipoletwa nilinusa kikombe changu nikakirudisha mezani. Nilimwambia mhudumu kwa upole kwamba chai hiyo ilikuwa imewekwa kwenye chupa iliyokuwa na kahawa. Alikataa. Meneja akaja, naye akakataa, kisha akaenda jikoni kuhakikisha ili anishinde vizuri. Alirudi akiwa anatabasamu kwa aibu. Chupa ilikuwa ya kahawa asubuhi ile, na ilikuwa imeoshwa mara mbili.

Miezi michache baadaye alinipigia simu.

"Madam, tunaleta mwalimu wa waini kutoka Nairobi. Atakuwa anakuja kila Jumanne alasiri kufundisha wahudumu wangu. Nina kiti kimoja kimebaki. Nimekumbuka ile pua yako."

"Mimi sinywi," nilimwambia.

Na haikuwa kisingizio. Katika nyumba yetu hakujawahi kuingia chupa ya pombe. Divai tuliijua kama neno la Biblia, na hata pale Kana ya Galilaya mhubiri alikuwa na haraka ya kutueleza kwamba ile ilikuwa maji ya zabibu tu.

"Hata wao hawanywi," meneja akasema. "Wanaonja, wanatema."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonipeleka. Kutema nilikujua.

Jumanne ya kwanza tulikuwa wanane kwenye ukumbi wa chakula, wahudumu saba na mimi. Mwalimu alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, kipara, sauti ya chini, aliyezaliwa karibu na Chepilat, mpakani na sisi Wakipsigis, upande wa Nyamira, na kujifunza kazi hiyo Afrika Kusini. Alituonyesha hatua zake: tazama rangi juu ya kitambaa cheupe, zungusha glasi, nusa, weka mdomoni, vuta hewa, tema. Wahudumu walipata shida kubwa na hatua ya mwisho. Mvinyo uliwamwagikia kidevuni, kwenye tai, kwenye kitambaa cha meza. Zamu yangu ilipofika nilivuta hewa kwa kishindo cha kiwandani, watu wakageuka, nami nikatema mstari mmoja ulionyooka hadi ndani ya ndoo iliyokuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Hakuna tone lililoanguka nje.

Mwalimu aliitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Huyu amefanya hii kazi," alisema.

"Kwa chai," nikajibu.

"Basi leo tutaona."

Glasi ya kwanza ilikuwa mvinyo mweupe. Nilinusa nikasema ni nyasi zilizofyekwa asubuhi kabla umande haujakauka. Alitikisa kichwa kukubali. Ya pili ilikuwa nyekundu, na ilipoingia mdomoni ilinikausha ufizi na kunikwaruza ulimi. Nikasema hii ni kama chai iliyosahauliwa kwenye birika. Wahudumu walicheka, lakini mwalimu alisimama hapo akawaeleza kwamba ule ukakasi wa chai kali na ukakasi wa maganda ya zabibu ni wa ukoo mmoja, na kwamba mtu anayeweza kuupima katika kikombe anaweza kuupima katika glasi. Nilihisi mgongo wangu unanyooka kwenye kiti. Nilikuwa nimekuja nikidhani mimi ni mgeni katika ukumbi ule.

Kisha akaleta chupa ya tatu, nyembamba na ndefu ya shingo.

"Hii wengi huisukuma kando," alisema akimimina. "Nuseni, andikeni mnachopata. Msiogope."

Rangi yake ilikuwa kama asali iliyochanganywa na maji mengi. Nilinusa mara ya kwanza nikapata tofaa bichi. Mara ya pili, asali yenyewe. Mara ya tatu nikasita. Kulikuwa na kitu kingine chini ya hivyo viwili, kitu nilichokijua vizuri kuliko tofaa, maana tofaa sikulionja hadi nilipokuwa mtu mzima. Niliona meza yetu ya jikoni Kimulot kabla umeme haujafika, vitabu vyangu vya shule, na mama akiinamisha mtungi kumiminia koroboi, akiifuta na kitambaa ili isinuke.

Niliona haya. Chupa ile ilikuwa imesafirishwa kutoka Ulaya, imefungwa kwa karatasi laini, na mimi nilitaka kusema nini? Mhudumu wa kando yangu alikuwa ameandika "maua". Mwingine "limau". Mwalimu alizunguka akisoma, alipofika kwangu akakuta ukurasa mtupu.

"Madam?"

"Samahani, mwalimu," nilisema kwa sauti ndogo. "Mimi napata mafuta ya taa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mhudumu mmoja aliinamia meza akashika tumbo. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliweka chupa mezani.

"Rudia."

"Mafuta ya taa. Ya koroboi. Lakini kidogo, na yako chini ya asali."

Aliwangoja wengine wanyamaze kabisa ndipo akasema. Huu mvinyo unaitwa Riesling. Umetengenezwa kwa zabibu za jina hilohilo, umetoka Ujerumani, na ukikaa chupani miaka mingi ndiyo harufu unayoitoa. Wanaoujua huitafuta harufu hiyo, na wengine huulipia zaidi kwa sababu yake. Alisema amefundisha watu wengi, na karibu wote huipata siku ya kwanza, lakini huchukua wiki kadhaa kuthubutu kuitamka, kwa sababu wanadhani kitu cha bei hakiwezi kunukia kitu cha maskini.

"Umejifunza wapi?" aliniuliza.

"Kimulot," nikasema.

Nilipouweka mdomoni ndipo nilipoupenda. Uchachu wake ulikimbia pande zote mbili za ulimi na kuita mate, na utamu ukaja nyuma yake polepole ukiutuliza, na baada ya kutema nilibaki na ladha kwa muda mrefu kuliko chai yoyote niliyowahi kuionja. Niliendelea kuisikiliza hadi mwalimu alipoita glasi ya nne. Sikuwa nimemeza hata tone.

Nilienda Jumanne iliyofuata, na iliyofuata. Nilijifunza harufu ya waridi kwenye mvinyo mmoja, pilipili manga kwenye mwingine. Nilijaza daftari nzima. Nilichokosa kufanya ni kumwambia mama.

Hilo nalikubali kuwa kosa langu. Mama ni mtu wa kanisa kwelikweli, anaimba kwenye kwaya ya akina mama na anajulikana kwa kutopindisha neno. Nilijiambia nitamweleza nikipata maneno mazuri, na maneno mazuri hayakuja. Mwanamke mmoja wa kanisa letu, anayeuzia ile hoteli sukuma wiki na karoti, alipita dirishani Jumanne moja akaniona nimeinua glasi mdomoni. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imefika Kimulot, na njiani ilikuwa imenenepa.

Jumapili baada ya ibada mama hakunisubiri mlangoni kama kawaida. Nilimkuta nyumbani jikoni, amenipa mgongo, anasonga ugali.

"Wanasema umeanza kunywa," alisema bila kugeuka.

"Sinywi, Mama. Naonja."

"Pombe inaonjwa namna gani?"

"Kama chai. Naweka mdomoni, natema."

"Yote?"

"Yote."

Aliendelea kusonga. Mwiko uligonga sufuria mara nyingi kabla hajasema tena.

"Kwa nini nimesikia kwa watu na si kwako?"

"Niliogopa."

"Uliogopa mimi, ama uliogopa kwa sababu ulijua unakosea?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana mama hujua jibu la haraka lilivyo.

"Niliogopa wewe. Kukosea, sioni kama nakosea."

Akapakua ugali, akaufunika, ndipo akanigeukia.

"Basi nipeleke nikaone."

Jumanne alikuja akiwa amevaa kama mtu anayeenda harusi: sweta yake ya kijani, kitambaa cha kichwa cha Jumapili, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimempigia mwalimu simu asubuhi kumwomba ruhusa. Alikuja kumlaki mlangoni, akamsalimia kwa Kikipsigis kidogo alichokijua, chenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei mising," mama akajibu, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo.

Aliketi kiti cha ukutani, akakataa soda, akakubali chai. Kisha akanitazama. Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama karani kwenye mizani, bila kupepesa. Nilionja glasi tano, nikatema mara tano. Baada ya ya tano mama aliinuka, akaja hadi mezani, akainama akaangalia ndani ya ndoo. Aliangalia kwa makini, kama mtu anayehesabu vifaranga.

"Ni kweli," alisema kwa Kikipsigis, akasimama kando yangu.

Mwalimu hakumwambia arudi kwenye kiti. Alimimina glasi ya sita, Chardonnay ya rangi ya dhahabu, akauliza darasa linapata nini. Mmoja alisema siagi. Mwingine ndizi mbivu. Mimi nilipata nazi na kitu kama mkate uliookwa.

"Vyote vipo," mwalimu alisema. "Lakini vimetoka wapi? Zabibu hazina mkate. Hapo nyuma kuna kitu kimoja kilicholeta hayo yote."

Tulinusa tena. Ndipo mama, bila kuigusa glasi, mikono yake bado kwenye mkoba, aliinamisha kichwa juu ya glasi yangu akavuta hewa mara moja. Akasema maneno machache kwa lugha yetu. Mwalimu aliinua nyusi.

"Amesemaje?"

Nikatafsiri. "Anasema, hii ilikaa kwenye mti uliochomwa."

Mwalimu alivuta kiti akaketi, na kwa kuwa alikuwa mrefu, kwa mara ya kwanza uso wake ukawa sawa na wa mama. Akatueleza sote kwamba mvinyo ule ulilazwa kwenye mapipa ya mbao, na kwamba kabla pipa halijajazwa, fundi huwasha moto ndani yake na kuunguza mbao mpaka zibadilike rangi. Alikuwa amepanga kutufundisha hilo baada ya wiki mbili.

"Mama, umejuaje?" alimuuliza.

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje mvua inakuja.

"Mimi natengeneza mursik," alisema kwa Kiswahili. "Kibuyu unakisugua ndani na makaa ya mti. Mti mbaya, maziwa mabaya. Mti ukiungua sana, maziwa machungu. Miaka yote nanusa kibuyu kabla sijaweka maziwa. Kwani wewe wa Chepilat hujui mursik?"

"Naijua, Mama. Nimeinywa kwa majirani tangu nikiwa mdogo. Lakini hivi vitu viwili sijawahi kuviweka pamoja."

"Sasa viweke," mama akasema.

Wahudumu walipiga makofi. Mama alirudi kwenye kiti chake cha ukutani, akarekebisha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea, akainamia kikombe chake cha chai ili tusimwone uso. Lakini mimi nilimwona. Nimepata vyeti na sifa kadhaa katika kazi yangu, na hakuna hata kimoja ninachokikumbuka kwa furaha kama alasiri ile nilipokuwa mkalimani wa mama yangu.

Jumapili wakati wa ushuhuda aliinuka. Sikujua kama angeinuka. Alisimama kwenye safu ya akina mama, sauti ile ile anayoimbia.

"Bwana asifiwe. Mmesikia maneno juu ya msichana wangu. Mimi nilienda. Nikakaa hapo nikaona kwa macho yangu, na nikaangalia hadi ndani ya ndoo. Anatema. Kama kuna mtu hajaamini, Jumanne aende mwenyewe akaangalie ndoo."

Kanisa lilicheka, pasta naye akacheka akijifunika mdomo kwa Biblia. Si wote walioridhika. Kuna mzee mmoja ambaye mpaka leo akinisalimia hunusa hewa kidogo. Lakini yule mama wa sukuma wiki alinijia nje, akanishika mkono, akaniomba msamaha, nami nikamwambia hakuona vibaya, aliondoka tu kabla sijafika kwenye ndoo.

Mwisho wa masomo mwalimu aliniandikisha kufanya mtihani Nairobi, ule wanaoufanya watu wa mahoteli na wauza mvinyo. Nilitaka kukataa. Nilimwambia mimi ni mtu wa chai. Akaniambia hiyo ndiyo sababu.

Niliingia ukumbini nimevaa suti yangu ya mikutano ya kiwanda. Kijana wa meza ya jirani alikuwa amekuja na glasi zake mwenyewe kwenye sanduku lenye vitambaa. Aliniuliza natoka hoteli gani.

"Kiwanda cha majani chai," nilimjibu.

"Chai?" alisema, akasogeza sanduku lake upande wa pili, kana kwamba ningeliambukiza.

Tuliwekewa glasi sita zisizo na majina. Kwa kila moja tulitakiwa kuandika aina ya zabibu, ilikotoka, umri wake, na ubora wake. Nne za kwanza hazikunisumbua sana. Ya tano ilinisimamisha. Ilikuwa nyeupe iliyopauka, karibu kama maji, yenye harufu ya ndimu na tofaa bichi. Nilitafuta asali, haikuwepo. Nilitafuta mafuta ya taa, hayakuwepo. Nilisikia kalamu za wenzangu zikikimbia kwenye karatasi.

Nikafanya nifanyavyo kiwandani. Chai ya shamba moja hubadilika sana kati ya kiangazi na mvua; harufu yake ya Januari si ya Mei, na mwanafunzi huapa kwamba ni mashamba mawili tofauti. Lakini ukiiacha harufu ipite na ukasikiliza kilichobaki mdomoni, utaukuta uti wa mgongo ni ule ule. Nilionja tena nikaacha ndimu ipite. Uchachu ukakimbia pande mbili za ulimi, ukaita mate, na ladha ikabaki, ikabaki, ikabaki. Nikaandika: Riesling. Bado mchanga. Haujakaa chupani vya kutosha kutoa harufu yake ya utu uzima.

Ya sita nilikosea. Ilikuwa nyekundu ya Afrika Kusini, nami nikaandika Shiraz kumbe ni Pinotage. Bado inaniudhi.

Majibu yalipotoka nilikuwa kazini, kijiko mkononi, chai mdomoni. Simu iliita, nikaona ni mwalimu, na ikabidi niteme kwanza ndipo nijibu.

"Madam, umepita," alisema. "Na katika kuonja, wewe ndiwe wa kwanza. Kwenye glasi ya tano mlipata watu watatu tu ukumbi mzima."

Sikuweza kuendelea na mabakuli. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza, malori ya majani yakipinda kuingia langoni, nikampigia mama.

"Nimekuwa wa kwanza," nilimwambia.

"Wa kwanza kati ya nani?"

"Kati ya wote waliofanya."

"Na hao wote ni wa Nairobi?"

"Wengi."

"Sawa," alisema. "Jumapili usichelewe." Lakini alisahau kukata simu, na nikamsikia akimwita jirani yake kwa sauti ya juu kupitia ua wa miti, akimwambia msichana wake amewashinda watu wa Nairobi, wote, na glasi zao.

Mwaka uliofuata mwalimu alileta wageni kiwandani, mume na mke wazee kutoka Ujerumani. Wao ni wakulima kama sisi: wana shamba lao dogo la zabibu kwenye mteremko mkali juu ya mto, na zao lao kubwa ni Riesling. Walileta chupa mbili, moja changa na moja kongwe, tukazionja kwenye meza yangu ya kazi, kwenye glasi zilizoazimwa hotelini. Kisha nikawaambia sasa ni zamu yangu. Niliwapangia chai kumi na mbili kutoka sehemu mbalimbali za nchi yetu ya majani, nikawapa kila mmoja kijiko, nikawafundisha kufyonza. Mama yule mzee wa Kijerumani alijimwagia blauzi, akacheka hadi machozi. Mumewe hakucheka. Alipita kwenye meza polepole, akafika mwisho, akarudi nyuma hadi bakuli la saba. Akaonja tena. Akaenda dirishani, akarudi, akaonja mara ya tatu.

"Anauliza hii imetoka wapi," mwalimu alinitafsiria.

"Mwambie imetoka kwetu, juu karibu na msitu. Kuna baridi, majani yanakua polepole. Mchai wa chini unachunwa mara nyingi zaidi, lakini huu wa juu unakaa mdomoni."

Mzee alisikiliza, akavua kofia yake akaishika kifuani, akazungumza kwa muda. Mwalimu alisema anasema kwamba hata kwake, zabibu za juu kabisa, zinazoteseka na baridi, ndizo anazowawekea wageni wa heshima. Kisha akauliza chai hii inauzwa kwa jina gani, ili aitafute akifika kwao.

Nilimwambia ukweli. Haina jina. Inaenda mnadani Mombasa, inachanganywa na nyingine, inafika kwao ndani ya pakiti yenye jina la mtu mwingine. Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni. Aliichukua chupa yake kongwe, akaniwekea kidole juu ya karatasi iliyobandikwa chupani: jina la mlima wake lilikuwa hapo, kubwa kuliko jina lake mwenyewe.

Nilifungua kabati, nikatoa mfuko wa sampuli, nikamjazia ile chai ya bakuli la saba. Nikachukua kalamu nene tunayoandikia magunia, na mbele yao wote nikaandika juu ya mfuko, kwa herufi kubwa, KIMULOT. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.